SOMO LA TAWI: NANI AAJIRIWE KUCHUNGUZA MAMBO YA MPAKA?



Katika somo hili tutazungumza juu ya kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi kama zetu, yaani kazi ya mwalimu wa chuo kikuu. Tutamtazama mwalimu wa namna moja tu: yule anayeajiriwa kuchunguza mambo ya mpaka baina ya nchi na nchi, kwa kuunganisha masomo mbalimbali, na kwa kushirikiana na watu wanaoishi na kufanya kazi hapo mpakani.

Mwenzetu atauliza: sisi wa shambani na kiwandani, hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu mpaka unaingia mpaka ndani ya mishahara yetu. Vibarua huvuka kwenda kuchuma chai na kukata miwa. Tukidai nyongeza upande huu, mwajiri hututishia kwamba ataleta watu wa upande ule, au atahamisha mashine zake. Na serikali zikikaa kuzungumza habari za ushuru, vibali na haki za wageni, huwaita wataalamu. Je, mtaalamu huyo alizungumza na nani kabla ya kusema? Analipwa kwa kazi ipi? Hilo ndilo somo letu.

Tutatumia mfano wa mpaka wa Marekani na Meksiko, kwa sababu huko jambo hili lina historia ndefu. Mwisho tutarudi kwetu.

1. MPAKA NA WAFANYAKAZI WAKE

Mpaka huo una urefu wa zaidi ya kilomita 3,100. Sehemu yake kubwa iliwekwa na mkataba wa mwaka 1848, baada ya Marekani kuishinda Meksiko vitani.

Mwaka 1942, wakati wa vita kuu ya pili, serikali hizo mbili zilikubaliana kuwapeleka Wameksiko kufanya kazi katika mashamba ya Marekani kwa mikataba ya muda. Wafanyakazi hao waliitwa brasero, kutokana na neno la Kihispania la mkono. Mpango huo ulidumu mpaka mwisho wa mwaka 1964, na mikataba kama 4,600,000 ilitiwa sahihi. Wengine walikwenda zaidi ya mara moja.

Mpango ulipokwisha, serikali ya Meksiko ilianza mwaka 1965 kuruhusu viwanda vya kuunganisha bidhaa karibu na mpaka. Viwanda hivyo huitwa makiladora. Kwanza mfanyakazi alipelekwa kwenye kazi, kisha kazi ikaletwa kwa mfanyakazi. Mpaka ulikuwa ule ule, na faida ya mwajiri ilitoka pale pale: tofauti ya mshahara baina ya upande mmoja na wa pili.

2. WATATU WALIOTUONYESHA NJIA

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wako wasomi waliolijua neno hilo, nao wakaenda kutazama wenyewe.

Wa kwanza ni Ernesto Galarza. Alizaliwa Meksiko mwaka 1905, akaletwa Marekani akiwa mtoto, akafanya kazi mashambani, kisha akasoma mpaka akapata shahada ya udaktari. Badala ya kukaa chuoni, aliingia katika chama cha wafanyakazi wa mashamba. Mwaka 1956 alitoa kijitabu juu ya hali ya brasero. Njia yake ilikuwa rahisi, na kila katibu wa tawi anaweza kuielewa: alikwenda makambini, akawauliza wafanyakazi, akalinganisha mkataba ulivyosema na mambo yalivyokuwa. Alitazama mshahara, makato, chakula na malazi. Mwaka 1964 akatoa kitabu kikubwa zaidi juu ya mpango mzima. Mpango haukufa kwa maandishi peke yake, lakini waliotaka ufe walipata ushahidi mkononi. Tena Galarza hakusema kwamba adui ni mgeni. Alionyesha jinsi mgeni na mwenyeji walivyogonganishwa ili wote walipwe kidogo.

Wa pili ni Jorge Bustamante, Mmeksiko. Mwaka 1969, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivuka mto wa mpakani bila karatasi kama wavukavyo vibarua, ili aone wanavyotendewa. Mwaka 1982 alianzisha huko Tijuana chuo cha kuchunguza mambo ya mpaka, ambacho leo kinaitwa El Colegio de la Frontera Norte. Chuo hicho kimewekwa pale pale mpakani, si katika mji mkuu ulio mbali. Kinaajiri wachumi, wataalamu wa jamii, wa miji na wa mazingira, wakafanya kazi chini ya paa moja. Tangu mwaka 1993 kimeshirikiana na idara za serikali kuwahoji wasafiri wanaopita mpakani, ili ijulikane ni akina nani, wanatoka wapi na wanakwenda kufanya nini.

Wa tatu ni mwanamke, María Patricia Fernández-Kelly. Yeye alikwenda Ciudad Juárez, akatafuta kazi ya kushona katika kiwanda cha makiladora, akaipata, akakaa kwenye cherehani pamoja na wasichana wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Ndani yake utaona jinsi msichana anavyotafuta kazi na jinsi anavyohesabiwa vipande. Utaona pia kwa nini nyumbani wanamtegemea yeye wakati wanaume hawana kazi.

3. KWA NINI SOMO MOJA HALITOSHI

Chukua shati moja lililoshonwa Juárez. Kitambaa kimekatwa Marekani, kikavushwa, kikashonwa, kikarudishwa. Miaka ile sheria ya ushuru ya Marekani ilitoza ushuru juu ya thamani iliyoongezwa ng'ambo tu, haikutoza kitambaa chenyewe. Mwaka 1982 fedha ya Meksiko ilianguka vibaya. Mshahara wa mshonaji ukihesabiwa kwa dola ukawa mdogo zaidi, na viwanda vikavutiwa zaidi kuja.

Sasa muulize mwanasheria kwa nini mshonaji huyo analipwa kidogo. Atakuambia habari za ushuru. Mchumi atakuambia habari za fedha. Mwanahistoria atakupeleka mwaka 1848. Daktari atatazama macho na mgongo wake, na mtaalamu wa maji atauliza mtaa wake unapata maji wapi. Kila mmoja ameshika kipande chake, lakini mshonaji ana maisha mamoja tu, na vipande vyote vimemwangukia yeye. Ndiyo maana wanatakiwa walimu wanaoweza kuviunganisha.

4. CHUO KIKUU KINAAJIRI VIPI

Huko Marekani utaratibu ni huu. Nafasi ikipatikana, tangazo hutolewa. Kamati huundwa, kwa kawaida ya walimu wenyewe. Mwombaji hupeleka barua, orodha ya masomo na kazi zake, maandishi yake, na majina ya watu wanaomfahamu. Kamati huchuja majina mpaka yabaki machache. Hao huitwa chuoni, huhojiwa siku moja au mbili na kutoa mhadhara. Idara hutoa maoni yake, na wakubwa hutoa mkataba.

Siku hizi baadhi ya vyuo huajiri walimu wengi kwa pamoja kwa ajili ya jambo moja, mmoja katika sheria, mwingine katika historia, mwingine katika afya. Mara nyingine mwalimu mmoja huwekwa katika idara mbili.

Akiisha kuajiriwa, mwalimu hukaa katika majaribio. Kwa kawaida kazi yake hupimwa mnamo mwaka wa sita. Akishinda, anapata ajira ya kudumu, na si rahisi kumfukuza kwa sababu ya maneno yake. Akishindwa, anaondoka.

5. KAZI ISIYOANDIKWA HAIHESABIWI

Ndugu, hapa ndipo penye fundo la somo.

Tangazo linaweza kuwa zuri sana. Linaweza kusema chuo kinamtaka mtu wa kushirikiana na wananchi. Lakini siku ya kupimwa, mizani ni ipi? Kwa desturi, makala na vitabu vinavyosomwa na wasomi wenzake ndivyo vyenye uzito mkubwa. Kukaa na wafanyakazi jioni, kutoa ushahidi mbele ya wabunge, kuandika taarifa kwa lugha ya wafanyakazi, hayo huitwa huduma, na huduma huwekwa mwisho. Hivyo mwalimu mpya anaambiwa na wenzake wanaomtakia mema: acha kwanza mambo ya mpakani, andika makala, utayarudia ukishapata ajira ya kudumu. Ni miaka sita hiyo. Katika miaka sita kiwanda kinaweza kufungwa na watu wake wakatawanyika.

Na aliyewekwa katika idara mbili? Njia mbili zilimshinda fisi. Kila idara inamtaka mikutanoni kana kwamba ni wake mzima, na siku ya kumpima kila moja inasema sehemu kubwa ya kazi yake si ya kwao.

Sisi wa vyama tunaijua hali hii. Kibarua akiambiwa kwa mdomo kwamba atalipwa saa za ziada, na karatasi haisemi, mwisho wa mwezi halipwi. Vyuo vyenyewe vimeliona tatizo. Mwaka 2008 muungano wa vyuo vikuu vya Marekani uitwao Imagining America ulitoa taarifa ukitaka kazi ya kisomi inayofanywa pamoja na wananchi ihesabiwe katika kupandisha walimu vyeo. Kwa maoni yetu, ahadi hiyo ianze siku ya kuajiri. Haya ndiyo tunayoona yafaa kudaiwa:

(a) Tangazo liseme wazi kwamba kazi pamoja na wananchi ni sehemu ya ajira, na ni sehemu kiasi gani.

(b) Mwalimu wa idara mbili apewe hati iliyotiwa sahihi na idara zote mbili, ikisema nani atampima na kwa mizani ipi.

(c) Taarifa iliyoandikwa kwa lugha ya wafanyakazi, na ushahidi uliotolewa katika mabaraza, vihesabiwe kuwa kazi.

(d) Kabla ya kuchaguliwa, mwombaji azungumze pia na wafanyakazi wa mpakani, katika ukumbi wao na kwa lugha yao, na maoni yao yafikishwe kwenye kamati.

(e) Majina ya wafanyakazi wanaohojiwa yasifike kwa mwajiri wala kwa maofisa wa uhamiaji. Mwalimu akikosea hapo, yeye atapoteza sifa, lakini mfanyakazi atapoteza kazi.

(f) Matokeo ya uchunguzi yarudishwe kwa waliotoa habari.

Tusieleweke vibaya. Hatutaki mwalimu awe kasuku wa chama. Akikuta kosa letu, aliseme. Galarza alisikilizwa kwa sababu ushahidi wake ulikuwa wa kweli. Tunachotaka ni kwamba anayekwenda kwa wafanyakazi kutafuta ukweli asiadhibiwe na chuo chake kwa kwenda huko.

6. NA KWETU JE?

Kwetu pia wasomi wamewachunguza wavuka mpaka. Mwaka 1954 kilitoka kitabu kilichosimamiwa na Audrey Richards, mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere. Kilieleza habari za vibarua waliotoka Ruanda-Urundi na kwingineko kwenda kufanya kazi Buganda. Ni kazi ya thamani, lakini iliandikwa kwa Kiingereza, na wengi wa waliosimuliwa humo hawakuweza kuisoma.

Mwaka 1970 maelfu ya wafanyakazi kutoka Kenya walifukuzwa Uganda. Tangu Julai 2010 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina mapatano ya soko la pamoja, yanayompa mfanyakazi haki ya kuvuka kutafuta kazi. Baina ya kufukuzwa na kukaribishwa kuna mambo mengi ya kuchunguza: akiba ya uzeeni ya aliyevuka, fidia ya aliyeumia, cheti kisichotambuliwa upande wa pili. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki ni vivyo hivyo. Vyuo vyetu vikitafuta walimu wa kuandika daftari hilo, chama kisingoje kusikia jina la aliyekwisha chaguliwa. Kipeleke barua mapema, tangazo likiwa bado linaandikwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Mchunguzi akija kwenu kesho, ni mambo gani matatu ya mpakani mnayotaka ayachunguze kwanza?

2. Mkataba wa wenzetu waliovuka unasema nini, na wanapata nini hasa? Linganisheni kama alivyofanya Galarza.

3. Ni kinga gani mtakayodai kabla ya kumpa mchunguzi majina yenu?

4. Kama mngealikwa kumsikiliza mwombaji wa kazi hiyo, mngemuuliza nini?

Katibu wa tawi aandike majibu, asome mbele ya wanachama, kisha ayapeleke makao makuu.