Leo Usiniite Bosi



Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana yangu Tabata, Dar es Salaam. Natengeneza mageti, grili, ngazi za chuma na mapaa ya mabanda. Nina miaka 36, mke na watoto wawili. Mwaka juzi nilipata kazi kubwa ya shule, nikachanganya faida yake na akiba yangu ya miaka mingi, nikanunua Subaru Impreza WRX ya turbo. Gari hili nilianza kulitamani nikiwa bado kibarua wa kupiga msasa mageti ya watu. Sikukopa hata shilingi.

Tatizo ni watu. Wateja wakiniona nalo wanasema ndiyo maana bei zangu ziko juu, kwa hiyo siku hizi naliacha mtaa wa pili na kumalizia kwa miguu. Baba mdogo ameniuliza mbele ya ukoo kama nauza unga. Halafu kuna kundi la wenye magari kama langu, tunakutana Jumapili asubuhi. Wamo daktari, wakili, watu wa benki na wenye maduka Kariakoo. Siku ya kwanza waliponiuliza nafanya kazi gani nilijibu, "Niko kwenye ujenzi." Wakaelewa mimi ni mkandarasi, nami nikanyamaza. Sasa wananiita injinia.

Mwezi uliopita bomba la moshi la mwenzetu mmoja lilikatika kwenye shikizo lake. Wakauliza nani anamjua fundi wa karibu. Nikawapeleka kwangu. Tukiwa njiani nilimpigia simu kijana wangu wa karakana nikamwambia, "Leo usiniite bosi." Alichomelea vizuri sana, akataka elfu 15. Mwenye gari akasema mafundi wote wezi, akamtupia elfu 8. Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Tangu siku ile kijana ananijibu neno mojamoja.

Sasa wanapanga safari ya Morogoro. Mke wangu anasema niuze gari tununue kiwanja, yaishe. Nifanye nini, mama?

Fundi wa Tabata

Mwanangu,

Umeniandikia habari za gari, lakini mimi nimekwama pale karakanani. Ya wateja, ya baba mdogo na ya kiwanja tutayafikia. Nianze na kijana wako, maana yeye ndiye aliyeumizwa.

Hebu tutazame alichokifanya siku ile. Bomba la moshi ni chuma chembamba ambacho joto na kutu vimekwisha kukila. Ukizidisha umeme kidogo, unatoboa. Ukipunguza, haikamati, na baada ya wiki linaning'inia tena. Kabla ya kuwasha mashine inabidi kufungua waya wa betri ili umeme usipite kwenye kompyuta ya gari na kuiunguza. Hayo yote unayajua, kwa sababu wewe ndiye uliyemfundisha. Amelala chini ya gari, cheche zinamwangukia shingoni, na anajua kwamba mwenye mashine, mwenye karakana na mwalimu wake amesimama pale juu akijifanya mpita njia. Kisha anaitwa mwizi kwa kudai bei ambayo wewe mwenyewe ulimfundisha kuidai.

Maneno ya mteja angeyasahau kabla jua halijazama, fundi gani hajatukanwa na mteja? Kicheko chako ndicho kilichobaki. Anapofikiria maisha yake miaka 15 ijayo, mfano alionao ni wewe: mtu aliyetoka kwenye msasa akapata karakana, familia na gari la ndoto yake. Siku ile amegundua kwamba hata ukifika huko, kazi yenyewe unaificha kama ugonjwa.

Mwombe radhi. Usipitie njia ya soda au ya kumrushia hela ya chakula halafu ukategemea ataelewa. Mwite asubuhi kabla ya wateja, mwambie ulikosa, mwambie kazi yake ilikuwa safi na elfu 15 ndiyo bei yake. Elfu 7 iliyopungua umlipe wewe. Na kama hana cheti, mpeleke VETA. Wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo mtu aliyejifunzia kazi karakanani anapimwa na kupewa cheti bila kuanza darasani upya. Ukimlipia hiyo, ataelewa kwamba unaiheshimu kazi hii hata pale ambapo hakuna mtu wa kukusikia ukiisifu.

Sasa kundi. Umeogopa kwamba gari lile ni la daktari na wakili, na kwamba fundi ameingia kwa mlango wa nyuma. Nani alikuambia hivyo? Watu wa Afrika Mashariki tumeyajua magari ya mbio kupitia Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mmoja wa madereva walioheshimiwa kuliko wote katika mashindano hayo ni Joginder Singh, Mkenya aliyezaliwa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Alikuwa makanika. Alikulia katika familia ya gereji, na gari lilipogoma porini alijua achomoe nini na afunge nini. Watu walimpenda kwa mikono yake kama walivyompenda kwa mwendo wake.

Hata huko Ulaya yanakotoka magari ya bei ya kutisha, Ferruccio Lamborghini alikuwa makanika, mtoto wa wakulima, akatengeneza matrekta kwanza, na kampuni ya magari akaifungua mwaka 1963 akiwa tayari ametajirika kwa matrekta. Na Wamarekani walipoizindua Ford Mustang mwaka 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, walikuwa wakiwafikiria vijana walioajiriwa juzi. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 400,000. Wenye kazi za mikono wamekuwa ndani ya habari hii tangu zamani, tena kama watengenezaji na madereva.

Jumapili ijayo waambie. Usiitishe kikao wala usitoe hotuba. Atakayekuita injinia mjibu, "Mimi ni fundi wa kuchomelea, ile karakana tuliyokwenda ni yangu, na yule ni kijana wangu." Halafu mgeukie aliyetoa elfu 8 umwambie kwamba bei ilikuwa elfu 15. Watakaokaa kimya kwa aibu watakuwa wengi. Huenda mmoja au wawili wakaacha kukusalimia kwa uchangamfu, na hao uwaache waende. Waliobaki watakuuliza lini unaweza kuwatazamia mabomba yao. Wenye magari haya wanamhitaji mchomeleaji mzuri kuliko wanavyomhitaji injinia wa uongo.

Hata hivyo ipo tofauti ya kweli kati yako na wao, na nataka uijue ilipo, kwa sababu haiko kwenye heshima. Iko kwenye tarehe. Mwenye mshahara anajua fedha itaingia lini. Giaboksi ikifa tarehe 10, anakwenda benki na hati ya mshahara, anapewa mkopo, makato yanafanyika kabla fedha haijamfikia. Wapo ninaowafahamu ambao hata gari lenyewe wamelipata hivyo, kwa hiyo wewe uliyelipa taslimu unaweza kuwa na mali kuliko jirani yako wa Jumapili. Lakini giaboksi yako ikifa mwezi Januari, wakati wateja wote wanalipa ada na hakuna anayeagiza geti, utaikopea wapi? Masika nayo ikishika, ujenzi unalala. Mshahara wako unakuja kwa msimu, na gari hili linakula kila mwezi bila kujali msimu. Turbo inataka oili safi kwa wakati, haikubali kusogezwa wiki mbili mpaka mteja alipe. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela unayaona mwenyewe mafuta yanavyokwenda. Spea za WRX ukizifuata Gerezani au Shaurimoyo, bei unaijua.

Kwa hiyo fanya kama mtu wa msimu. Kazi kubwa ikilipa, toa kwanza fungu la gari la miezi sita uliweke kando: oili, tairi, bima kubwa na dharura. Jiandikishe NSSF kama mchangiaji wa sekta isiyo rasmi kama hujafanya hivyo, maana mgongo wa mchomeleaji na macho yake haviendi mpaka miaka 60 kwa nguvu hizi ulizonazo leo. Ukiona fungu la gari halipatikani bila kugusa ada za watoto, hapo liuze, na uliuze kwa sababu hiyo. Usiliuze kwa sababu ya macho ya watu.

Wateja ni jambo dogo kuliko unavyodhani. Acha kulificha gari mtaa wa pili, siku moja utaonekana ukitoka huko na utakuwa umejithibitishia wizi ambao hukuufanya. Kinachowafanya wahisi wamepigwa ni kwamba bei zenu mafundi huzitaja kwa mdomo, mteja hajui chuma ni kiasi gani na mkono wako ni kiasi gani. Andika. Bomba za mraba ngapi, unene gani, shiti ngapi, rangi, bawaba, komeo, usafiri, kisha ufundi peke yake chini. Mpe karatasi hiyo kabla hujapokea advansi. Mtu mwenye karatasi mkononi anabishana na karatasi, habishani na gari lako. Na kwenye kazi ya geti nenda na kirikuu, kwa sababu ya kazi yenyewe: bomba la mita 6 haliingii kwenye Subaru. Mteja akikuuliza, "Ile Subaru niliyoiona Jumapili ni yako?" mwambie ndiyo, nimeinunua kwa mageti.

Baba mdogo amekuvunjia heshima mbele za watu, lakini usimjibu mbele za watu. Mfuate kwake na shikamoo yako, mkaribishe karakanani siku ya kazi, akae kwenye benchi aone wateja wanavyoingia. Mzee aliyezoea kuona fundi anakufa maskini anaogopa anapoona fundi amepata. Hofu hiyo ina sababu zake, vijana wengi wameangamia kwa unga tukiwatazama. Akishaona daftari lako la kazi, yeye ndiye atakayekutetea kwenye kikao kijacho cha ukoo.

Nimebakiza mama watoto. Hukuniambia kama mnaishi kwenye nyumba ya kupanga, ila kwa alivyotaja kiwanja nahisi hivyo. Kama ni hivyo, ana haki, na uchungu wake usiuhesabu kuwa ni wivu wa gari. Amekuvumilia miaka yote ya akiba, fedha ikatoka kwa mkupuo mmoja, na yeye amepata nafasi ya kukaa kiti cha mbele. Ulimshirikisha kabla ya kununua? Barua yako haisemi. Mimi sikushauri uuze leo, kwa sababu gari la namna hii likiuzwa kwa haraka linakwenda kwa bei ya huruma, na kiwanja cha maana hakitapatikana kwa hiyo hela. Nakushauri kazi kubwa ijayo iwe yake. Kaeni wawili, muandike: faida ya kazi hiyo inakwenda kwenye kiwanja chenye majina yenu wote wawili, na mpaka kiwanja kipatikane hakuna rimu mpya, hakuna muziki mpya, hakuna bomba kubwa la kelele. Akiona umelitia sahihi hilo na umelishika, mtazungumza habari ya kuuza kwa utulivu.

Morogoro unaweza kwenda, kwa sharti moja la kifundi. Injini ya gari lako huzungusha kamu zake kwa mkanda wa mpira, na mkanda huo unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa kwenye mwendo, valvu zinagongana na pistoni, na injini nzima inafumuliwa. Kwa gari la mtumba kutoka Japani, kilomita za kwenye dashibodi si ushahidi wa kutosha. Kama huna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini, ubadilishe sasa pamoja na pampu ya maji, kwa sababu kazi ya kuufikia ni ileile. Kama fedha ya mkanda haijapatikana kufikia siku ya safari, waambie wenzako huendi, na uwaambie sababu yenyewe.