Binti yangu anataka kusomea nyota

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mlingotini, hapa Zinga. Binti yangu yuko kidato cha nne na fizikia anaiweza kuliko wenzake wote. Sasa anasema atasomea nyota. Shangazi yake amekasirika, anadai hiyo ni ramli. Mimi ramli siiogopi, naogopa njaa. Je, serikali ina chombo kinachogharamia kazi hiyo, au mtoto atasoma kisha arudi kukaa barazani?
Mzazi, Zinga

JIBU: Ndugu yangu, kwanza mtulize dada yako. Binti hataki kupiga falaki. Anataka astronomia, yaani kupima mwanga na mawimbi yatokayo angani kwa fizikia na hesabu. Wewe unayetazama kilimia kujua majira uko karibu na kazi hiyo kuliko mpiga ramli yeyote.

La njaa ndilo zito. Chombo cha taifa cha astronomia peke yake hatuna. Tunayo Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Ofisi zake ziko Kijitonyama, pale makonda wanapopaita Sayansi. Inasimamia mfuko wa utafiti, MTUSATE, unaowafikia watafiti walio vyuoni na kwenye taasisi. Mwanafunzi hawezi kubisha hodi pale akaomba darubini.

Kukosa chombo chetu kunaniuma nikikumbuka hili. Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kwenye jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Bahari ni hii hii unayovua na jina ni la kwetu, lakini setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano.

Afrika Kusini waliamua kuwa na chombo chao. Darubini yao ya redio, MeerKAT, ina madishi 64, kila moja upana wa mita 13.5. Wewe unalijua juya: halivutwi na mtu mmoja. Hakuna chuo kimoja ambacho kingemudu kujenga na kutunza kitu kile, kwa hiyo kazi imewekwa chini ya SARAO, tawi la taasisi yao ya taifa ya utafiti. SARAO inaajiri mafundi umeme na waandishi wa programu, inafadhili wanafunzi, inagawa muda wa kutumia darubini. Ningependa binti yako aikute Tanzania yenye kitu cha namna hiyo, na huenda ni kizazi chake kitakachokidai.

Kwa sasa, kwenye Selform, fomu ya kuchagua tahasusi, aweke PCM (fizikia, kemia na hesabu) kwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Dodoma asome shahada ya fizikia, aombe mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, na asikwepe masomo ya kompyuta. Fizikia hiyo hiyo inatakiwa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kwenye kampuni za simu, kwa hiyo barazani hatakaa. Akimaliza, aombe NASSP, programu ya uzamili ya Afrika Kusini inayopokea vijana wa nchi nyingine za Afrika. Asome pia maelezo ya Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, aliyewaeleza Watanzania habari za jua lililopatwa kipete Rujewa, Septemba 1, 2016.

Matokeo yakitoka, wanafunzi hupewa muda mfupi wa kubadili tahasusi. Siku hizo uwe naye karibu, maana ndipo ndugu wengi hujitokeza na ushauri wao.