Kibwebwe kilichomo ndani ya mwili

SWALI: Daktari, mimi ni fundi cherehani hapa Buyenzi, nina miaka 43 na watoto wanne. Ikifika saa kumi jioni kiuno kinauma hadi kuinuka kitini ni shida. Binti yangu ananionyesha mazoezi ya Pilates kwenye simu, lakini wanaoyafanya ni vijana wembamba wenye mashine. Je, na mimi yananifaa? Na tumbo litapungua?
Mama Fundi, Buyenzi

JIBU: Mama Fundi, yanakufaa, tena mkeka wako unatosha. La tumbo naliweka mwishoni, maana jibu lake si tamu.

Pilates ni jina la mtu. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, akakua mtoto dhaifu mwenye pumu na matege. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa kambini kama raia wa nchi adui. Humo aliendelea kuyaunda mazoezi yake na kuwafundisha wafungwa wenzake. Miaka ya 1920 alihamia New York, ambako wacheza dansi walimfuata. Basi mazoezi haya hayakuzaliwa kwenye anasa.

Yanafanyaje kazi? Chini ya misuli ya tumbo tunayoiona kuna msuli mpana unaozunguka kiuno kama kibwebwe. Unashirikiana na kiwambo cha kupumulia kwa juu, misuli ya nyonga kwa chini, na misuli midogo inayoshika pingili za mgongo kwa nyuma. Uzazi huulegeza, na kuinamia cherehani kutwa hakuupi kazi. Pilates inakufundisha kukifunga tena kibwebwe hicho, taratibu, kwa pumzi.

Watazame wapiga ngoma wetu wa Burundi wakiingia uwanjani: ngoma nzito kichwani, mikono inapiga, miguu inatembea, kiwiliwili hakiyumbi. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Anza na haya matatu, siku 3 kwa wiki, dakika 15 hivi:

1. Pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Vuta pumzi mbavu zipanuke. Ukiitoa, vuta kitovu kidogo kuelekea mgongoni. Mara 10.

2. Daraja. Ukiwa umelala vilevile, toa pumzi huku ukiinua makalio polepole, kisha yashushe pingili kwa pingili. Mara 8.

3. Mkono na mguu. Piga magoti, weka viganja chini. Nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, tulia kidogo, rudi, kisha badilisha. Mara 6 kila upande, kiuno kisibonyee.

Usitarajie nafuu kwa siku tatu. Jipe wiki 6 hadi 8. Utafiti uliokusanywa kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu unaonyesha kwamba wanaofanya Pilates hupata nafuu kuliko wasiofanya chochote, ila haujathibitisha kwamba Pilates inayashinda mazoezi mengine. Kwa hiyo kama unapenda kukimbia na wenzako Jumamosi asubuhi, usiache. Na kazini, inuka kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchukua uzi tu.

Sasa tumbo. Pilates hulikaza na kukunyoosha mgongo, hivyo gauni litakukaa vizuri zaidi. Mafuta yenyewe hayayeyushwi na zoezi la tumbo. Hayo hupunguzwa na chakula unachokula na mwendo wa mwili mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na siku 2 za kuimarisha misuli.

Usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari ikiwa maumivu yanashuka mguuni na ganzi, mguu unakosa nguvu, mkojo unakuponyoka, una homa, au yalianza baada ya kuanguka. Mjamzito naye aulize kwanza. Zoezi lolote likichoma mgongo, liache.

Kosa la wengi ni kubana pumzi. Kwa hiyo mwambie binti aweke simu chini, akae kando ya mkeka akutazame. Kazi yake iwe moja: kukukumbusha, "Mama, pumua."