Fahamu Vidakuzi: Kadi Unayokabidhiwa na Tovuti Bila Kuiomba

Ndugu mkazi wa Kata ya Binza, huduma nyingi ambazo zamani zilimlazimu mtu kwenda ofisini na bahasha mkononi sasa hupatikana kwa njia ya tovuti. Leseni ya biashara huombwa katika mfumo wa TAUSI. Cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa mtandao. Kijana anayetafuta kazi serikalini hupeleka maombi yake kwenye Ajira Portal, na mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni huomba mkopo katika mfumo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Huko kote, kabla mtu hajajaza hata mstari mmoja, tovuti humkabidhi kitu kidogo ambacho hakukiomba na ambacho aghalabu hakioni. Kitu hicho huitwa kidakuzi. Kwa wingi ni vidakuzi.

Ili tukifahamu vyema, na tuanze hospitalini. Mgonjwa anapofika kwa mara ya kwanza hufunguliwa jalada, naye hupewa kadi ndogo yenye namba. Maradhi yake, vipimo vyake na dawa alizoandikiwa vimo katika jalada, na jalada hubaki masjala. Kadi aliyonayo mfukoni haina siri yoyote ila namba. Siku akirejea huitoa, na mhudumu hulifuata jalada lake rafuni. Akiisahau nyumbani, huenda akafunguliwa jalada jipya kana kwamba hajapata kufika pale.

Tovuti nayo iko katika hali hiyo hiyo. Kwa asili yake, kompyuta inayoihifadhi tovuti haina kumbukumbu ya anayeizuru. Kila unapobofya ukurasa mwingine, kwake wewe ni mgeni mpya kabisa, hata kama umetoka ukurasa wa jirani sekunde moja iliyopita. Mwaka 1994 mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, Lou Montulli, alibuni dawa ya usahaulifu huo: mgeni apewe kadi aende nayo. Basi tovuti huandika maandishi mafupi, yasiyozidi takriban herufi elfu nne, na kivinjari chako huyahifadhi. Kivinjari ni ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, kama vile Chrome, Firefox, Safari au Opera Mini. Unapobofya tena, kivinjari huionyesha tovuti kadi hiyo bila kukuuliza, na tovuti hulifungua jalada lako. Sikio la Mswahili likisikia neno kidakuzi huenda likakumbuka udaku. Si kosa kubwa, ingawa vidakuzi vingi havina udaku wowote. Bila kadi hizo usingeweza kuingia katika akaunti yako na kujaza fomu ya kurasa tano, kwa kuwa kila ukurasa ungekutaka uandike nenosiri upya.

Kadi nyingine hudumu kwa muda wa kikao kimoja tu, na hufutika kivinjari kinapofungwa. Nyingine huwekewa tarehe ya mwisho, ambayo yaweza kuwa wiki ijayo au mwaka kesho. Hizo za pili ndizo zinazokufanya ufungue tovuti baada ya mwezi mzima na kuikuta bado inakuita kwa jina lako.

Hapa ndipo penye jambo linalotuhusu sisi kuliko linavyomhusu mkazi wa London au Chicago. Kadi hukaa ndani ya kifaa, nayo haimjui aliyeketi mbele ya kifaa hicho. Waliobuni utaratibu huu walikuwa na picha ya mtu mmoja na kompyuta yake moja. Kwetu, kompyuta moja ya steshenari ya Maswa mjini au Bariadi huhudumia watu wengi kwa siku, hasa katika majuma ambayo maombi ya mikopo au ya ajira yanakaribia kufungwa. Na simu moja yenye intaneti yaweza kuwa ya baba, mama, watoto wawili na shangazi aliyekuja kutembea. Hospitalini mhudumu ana macho. Akimwona mzee mwenye mvi ameleta kadi ya msichana, atauliza. Kompyuta haina macho hayo.

Mwandishi wa somo hili aliliona jambo hili mwenyewe. Niliketi mbele ya kompyuta ya steshenari moja, nikaandika anwani ya mfumo wa maombi, na kabla sijaandika jina langu ukurasa ukanikaribisha kwa jina la dada nisiyemfahamu. Vyeti vyake vilikuwa mbele yangu, pamoja na namba yake ya simu na barua yake ya maombi. Ningetaka, ningeibadilisha ile namba ya simu, na taarifa ya kuitwa kwenye usaili isingemfikia kamwe. Nilibofya kitufe cha kutoka, nikaingia kwa akaunti yangu. Mwenye duka aliponiona nimeshangaa alisema hayo hutokea kila siku.

Yule dada hakuwa mzembe. Naamini aliufunga ukurasa alipomaliza, na akadhani kuufunga ukurasa ni kuondoka. Lakini kukifunga kichupo kimoja hakuifuti kadi, na kulipunguza dirisha likashuka chini ya skrini hakufanyi lolote. Kinachotakiwa ni kubofya kitufe cha kutoka, ambacho katika mifumo mingi kimeandikwa kwa Kiingereza «Logout». Ukikibofya, tovuti huibatilisha kadi upande wake, hata ikibaki ndani ya kompyuta isifungue jalada tena. Baada ya hapo lifunge dirisha lote la kivinjari, si kichupo peke yake. Njia iliyo bora zaidi ni kumwomba mwenye kompyuta, kabla ya kuanza, akufungulie dirisha fiche. Hilo ni dirisha ambalo vidakuzi vyake vyote hufutika linapofungwa. Kulifungua ni kazi ya kubofya mara mbili, na anayetoa huduma kwa malipo hana sababu ya kukataa.

Jambo jingine hufanana na hili ingawa si kidakuzi. Unapoandika nenosiri, kivinjari huuliza kama kikuhifadhie. Katika kompyuta isiyo yako jibu ni hapana. Ukikubali, hata kubofya kitufe cha kutoka hakutakusaidia, kwa maana anayefuata ataukuta mlango umefungwa na ufunguo uko juu yake. Na iwapo ni mhudumu wa steshenari anayekujazia fomu, kama ilivyo kwa wengi wetu, mwombe akugeuzie kibodi wakati wa kuandika nenosiri.

Zipo pia kadi za aina nyingine, ambazo hazitolewi na tovuti uliyoizuru. Kurasa nyingi za habari na za biashara hukodisha sehemu ya ukurasa kwa kampuni za matangazo, na kampuni hizo nazo hukukabidhi kadi yao. Kampuni moja ikiwa na sehemu yake katika kurasa elfu, itaiona kadi ile ile kila unakopita, na itajua kuwa kifaa hiki asubuhi kilisoma habari za bei ya pamba, mchana kikatafuta pikipiki, na usiku kikasoma juu ya maumivu ya mgongo. Ndiyo maana ukiulizia bei ya pikipiki leo, matangazo ya pikipiki hukufuata hadi kwenye ukurasa wa habari za mpira. Hakuna aliyekusikiliza ukizungumza. Ni kadi tu iliyoonyeshwa. Katika simu inayotumiwa na nyumba nzima jambo hili lina uzito wake, kwa sababu matangazo yanayomfuata mmoja huonekana na wote, na si kila alichokisoma mtu kuhusu afya yake angependa kijulikane sebuleni.

Vivinjari havilingani katika kuzizuia kadi hizo za watu baki. Firefox ilianza mwaka 2019 kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana bila mtumiaji kuombwa afanye lolote, na Safari ya simu za iPhone ikazifungia kabisa Machi 2020. Google ilitangaza Januari 2020 kuwa ingeziondoa katika Chrome. Ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Julai 2024 ikauacha mpango huo. Kwa kuwa simu nyingi za Android huja na Chrome ndani yake, maana yake kwetu ni kwamba kazi hiyo imebaki mikononi mwa mwenye simu.

Kazi yenyewe si ngumu. Ukiwa umeiweka simu katika lugha ya Kiswahili, fungua Chrome, bofya nukta tatu zilizo juu upande wa kulia, kisha chagua Mipangilio. Ndani yake utaona Mipangilio ya Tovuti, na humo pana sehemu ya vidakuzi vya washirika wengine, yaani hao watu baki. Chagua kuvizuia. Maneno ya vitufe hubadilika kidogo kutoka toleo moja la programu hadi jingine, lakini neno vidakuzi utalikuta. Tovuti chache zaweza kugoma baada ya hapo, na ukihitaji mojawapo unaweza kuiruhusu hiyo peke yake. Vidakuzi vya tovuti yenyewe uliyoizuru usivizuie, maana ukifanya hivyo hutaweza kuingia katika TAUSI wala katika mfumo mwingine wowote unaotaka nenosiri.

Na lile tangazo linalofunika nusu ya skrini na kukutaka ubofye «Kubali»? Utalikuta zaidi katika tovuti zenye makao Ulaya, kwa mfano ya BBC Swahili, kwa kuwa sheria za huko huzitaka tovuti zipate idhini ya msomaji kabla ya kumpa kadi ambazo si za lazima. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichokwisha kuwekewa alama ya kukubali si idhini, bali msomaji mwenyewe ndiye anayepaswa kuiweka. Wengi wetu hubofya «Kubali» ili tangazo lituondokee. Lakini karibu na kitufe hicho, mara nyingi kwa herufi hafifu zaidi, pana kitufe cha kukataa au cha kuchagua. Ukikataa utaendelea kusoma habari zile zile, na sioni sababu ya kukubali.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Katika sheria hiyo, namba aliyopewa mtu ili atambulike ni miongoni mwa taarifa binafsi. Kidakuzi kikishaunganishwa na akaunti yenye jina lako si namba tupu tena. Mkazi ana haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani, ya kudai zilizokosewa zisahihishwe, na ya kuzuia zisitumike kumletea matangazo ya biashara. Anayeona haki hiyo imevunjwa anaweza kupeleka malalamiko mbele ya Tume.

Yafaa pia tuyaondoe mambo mawili yanayosemwa vijiweni. Kidakuzi si kirusi. Ni maandishi, na hakiwezi kufungua picha zako, kusoma orodha ya majina katika simu yako wala kuijua namba yako ya siri ya pesa za simu. Wale wanaokutumia ujumbe wa kukutaka utume fedha kwenye namba fulani hawakukupata kwa kidakuzi. Tena, vidakuzi havimalizi bando. Kinacholimaliza ni picha na video za matangazo yanayoletwa pamoja navyo.

Mwisho ni juu ya kufuta vyote kwa mara moja, jambo ambalo Chrome huliweka katika sehemu ya kufuta data ya kuvinjari. Linafaa unapouza simu, unapompa mwanao simu ya zamani, au unapokuta simu ya nyumba imejaa akaunti za watu mbalimbali. Lakini kumbuka kwamba kufuta vidakuzi ni kuzichana kadi zote, na kila tovuti itakutaka uingie upya kwa nenosiri. Hakikisha kwanza unayakumbuka manenosiri yako, na kwamba namba ya simu uliyojisajili nayo bado unayo, kwa sababu mifumo mingi hutuma tarakimu za uthibitisho kwenye namba hiyo. Kama uko katikati ya kujaza fomu, bofya kitufe cha kuhifadhi kabla ya kufuta chochote. Yaliyokwisha kuhifadhiwa yamo katika jalada na utayakuta ukirudi. Yaliyo kwenye skrini tu yatapotea.