Makardinali Waliofungiwa Mlango



Mwezi Mei 2025 wengi wetu tulikaa karibu na redio tukingoja habari za Roma. Makardinali 133 walifungiwa ndani tarehe 7, na kesho yake jioni Papa Leo XIV akatangazwa. Baadhi yetu tuliulizana: kwa nini wazee wenye heshima namna ile wafungiwe mlango? Jibu lake ni la zamani sana, la wakati ambapo Kanisa la Uingereza, mama wa Kanisa letu, lilikuwa bado chini ya Papa.

Tangu mwaka 1179 ilikuwa sheria kwamba atakayekuwa Papa apate theluthi mbili za kura za makardinali. Sheria ilikuwa njema, lakini haikusema wafanye nini wasipopatana.

Papa Clement IV alifariki Novemba 1268 mjini Viterbo, kaskazini ya Roma, na makardinali wakakutana huko huko. Wengine walitaka Mfaransa, wengine Mwitalia. Hapana upande uliofikia theluthi mbili, na hapana uliokubali kushindwa. Mwaka ukapita, wakaanza wa pili. Watu wa mji wakachoka. Wakawafungia katika jumba la askofu, wakapunguza chakula chao, kisha wakaezua paa. Mtu aweza kudhani hii ni hadithi tu; lakini ipo barua ya makardinali ya Juni 1270, wakiomba mwenzao mgonjwa aruhusiwe kutoka, na ndani yake wanataja kwamba imeandikwa katika jumba lililoezuliwa! Hata hivyo waliendelea kubishana mwaka mzima na zaidi.

Hasara haikuwa ya Roma peke yake. Julai 1270 alifariki Askofu Mkuu wa Canterbury, Boniface wa Savoy. Watawa wa Canterbury wakamchagua mmoja wao. Edward, mwana wa mfalme, akamtaka karani wake, Robert Burnell. Mwenye kuamua alikuwa Papa, na Papa hakuwapo. Basi Canterbury nayo ikakaa bila mchungaji zaidi ya miaka miwili.

Mwishowe, tarehe 1 Septemba 1271, makardinali waliwakabidhi wenzao sita kazi ya kuchagua. Hao wakamtaja Teobaldo Visconti, arkidikoni wa Liège. Hakuwa kardinali, wala hata kasisi, naye alikuwa mbali, mjini Acre katika Nchi Takatifu, pamoja na yule Edward. Akaitwa Gregory X. Mwaka 1272 aliutangua uchaguzi wa watawa, akampa Canterbury mtu mwingine kabisa, Robert Kilwardby.

Gregory hakusahau ya Viterbo. Katika Baraza la Lyon, mwaka 1274, aliamuru makardinali wangoje siku 10 baada ya Papa kufariki, kisha wafungiwe pamoja. Siku tatu zikipita bila uchaguzi, wapate chakula cha namna moja tu mchana na jioni. Zikipita tano nyingine, basi ni mkate, maji na divai. Mkutano huo huitwa konklave, neno la Kilatini lenye maana ya chumba kifungwacho kwa ufunguo.

Makardinali hawakuipenda sheria hii, na si vigumu kuona kwa nini. Gregory alipofariki, Januari 1276, ilifuatwa, na Innocent V akachaguliwa kwa siku moja. Lakini mwaka huo huo Papa Adrian V, aliyekaa siku 38 tu, akaisimamisha. Matunda yake yalionekana. Nicholas IV alipofariki, Aprili 1292, Kanisa lilikaa miaka miwili na miezi mitatu bila Papa, mpaka akachaguliwa mtawa mzee wa milimani, Celestine V.

Mzee huyu hakuuweza utawala, akajiuzulu tarehe 13 Desemba 1294. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa ameirudisha sheria ya Gregory. Makardinali wakafungiwa, na tarehe 24 ya mwezi huo huo wakampata Boniface VIII, naye akaitia katika kitabu cha sheria za Kanisa mwaka 1298. Mwaka 1351 Clement VI alilegeza kidogo habari ya chakula, lakini kufungiwa mlango kulibaki.