Faida ya Mtaalamu wa Pwani Hupimwaje?



Wako wenzetu waliotuuliza: hawa wataalamu wajao vijijini na madaftari yao, wakauliza habari za mikarafuu, mikoko na samaki, kisha wakaenda zao, wametuachia nini? Suali hili ni la haki. Vyuoni kazi ya mtaalamu hupimwa kwa kuhesabu ni mara ngapi wenziwe wameitaja katika maandishi yao. Hatuibezi hesabu hiyo, lakini mvuvi hali hesabu. Basi tutazame kazi ya mtaalamu mmoja, tuone ilifika wapi.

Mtu huyo ni Robert Johannes, aliyefariki mwaka 2002. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Palau, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mashariki ya Ufilipino, wakati huo vikiwa chini ya Marekani. Yeye alikuwa msomi wa viumbe vya baharini, lakini badala ya kuwafundisha wavuvi alikaa chini akawauliza. Mmoja wa walimu wake alikuwa mvuvi mzee aitwaye Ngiraklang, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye kichwani mwake mlikuwa na majina ya samaki zaidi ya 300. Wavuvi wale walijua kila samaki hutaga mayai mwezi gani, tarehe ngapi ya mwezi wa angani, na katika mlango gani wa mwamba. Johannes hakuyapokea kwa kufumba macho. Alikwenda nao baharini akayachungua. Mwisho wake alipata habari za aina za samaki wanaotaga kwa kufuata mwezi zaidi ya maradufu ya zile zilizokuwa zikijulikana kwa wataalamu wa dunia nzima. Kitabu chake, *Words of the Lagoon*, kilitoka mwaka 1981.

Mvuvi wa kwetu hatastaajabu sana. Naye hupanga safari zake kwa bamvua na maji mafu, na mwenye kutafuta pweza anajua siku ambazo mwamba utakauka. Tofauti ni kwamba ya Palau yaliandikwa.

Lakini hapo pana jambo la kuangalia. Elimu ya namna hii ina makali pande mbili. Chewa wa Palau hukusanyika kwa wingi katika milango ya mwamba karibu na mwandamo wa mwezi ili watage. Ajuaye siku na mahali anaweza kuwaacha wazae, au anaweza kuwamaliza kwa siku chache. Zamani wazee wa Palau walikuwa na amri iitwayo *bul*: mahali hufungwa, na hakuna avuaye mpaka pafunguliwe. Zilipokuja mashine za mashua, barafu na wanunuzi wa ng'ambo, amri hizo zililegea. Johannes aliliandika jambo hili mwaka 1978, akaonyesha kuwa karibu kila njia ya kuhifadhi samaki ambayo nchi za Magharibi zilijisifia, watu wa Pasifiki walikuwa nayo karne nyingi kabla: kufunga msimu, kufunga mahali, kuwaachia samaki njia ya kukimbia.

Je, maneno hayo yalizaa nini? Mwaka 1994 wazee wa Ngarchelong na Kayangel, kaskazini ya Palau, waliweka *bul* katika milango minane ya mwamba wakati wa chewa kutaga. Mwaka huo huo ikatoka sheria ya nchi iliyokataza kuvua chewa wa aina kadhaa tangu Aprili hadi Julai. Hatusemi kwamba ni kazi ya Johannes peke yake. Wazee ndio waliotoa amri. Yeye aliwapa watawala sababu ya kuwasikiliza. Huko Vanuatu alipima vijiji kwa macho yake: baina ya mwaka 1993 na 2001 amri za hifadhi katika vijiji alivyovitembelea zilizidi maradufu, na nyingi ziliwekwa na wanavijiji wenyewe.

Mwanachama ataweza kusema: sisi ni watu wa karafuu, ya chewa yatuhusu nini? Wengi wetu karafuu zikisha kuanikwa na kuuzwa hurudi baharini, na asiyevua anakula. Tena hapa kwetu wako waliokwisha kufunga mwamba, kama watu wa Kisiwa Panza, Pemba, waliofunga sehemu ya mwamba wao kwa muda ili pweza wakue. Na shambani hali ni moja. Mzee aliyechuma karafuu miaka 50 anajua mkarafuu upi huzaa kila msimu na upi hupumzika, ardhi ipi huuchosha, na dalili za mti unaotaka kufa kabla majani hayajapukutika. Tunamzika nayo.

Kwa hiyo kamati imeagiza hivi. Kila tawi limchague mzee mmoja wa shamba na mmoja wa bahari, na kijana ajuaye kuandika akae nao. Mahali pa siri pa kuvulia pasiandikwe ila kwa idhini ya mwenyewe. Na mtaalamu yeyote ajaye kuuliza ataulizwa kwanza: nakala ya maandishi yako itaturudia lini, na kwa lugha gani? Madaftari yanapatikana kwa katibu, bila ya malipo.