Harufu ya Mkaratusi na Pumzi ya Mtoto

Mafua yakiingia nyumbani, kaya nyingi za Kinama, mtaa wa Bujumbura, hutafuta majani ya mkaratusi kabla ya kitu kingine. Mti wenyewe ni mgeni: asili yake ni Australia, ukaletwa Burundi enzi za ukoloni kwa ajili ya kuni, makaa na nguzo. Leo umefunika vilima vingi vya nchi. Majani yake huchemshwa kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, mgonjwa akajifunika blanketi juu ya sufuria na kuvuta mvuke hadi jasho limtoke. Kijitabu hiki hakimkatazi mtu mzima nafuu hiyo. Hoja yake ni kwamba mkaratusi hubadilisha namna mgonjwa anavyojisikia, lakini ugonjwa ulioko kifuani huuacha palepale. Kwa hiyo nafuu inayoletwa na harufu isiwe kipimo cha kuamua kama mtoto apelekwe kituo cha afya au abaki nyumbani.

Ushahidi wa jambo hili si wa jana. Mwaka 1983, watafiti wa Cardiff, Uingereza, Ron Eccles akiwa mmoja wao, waliwavutisha watu mvuke wa mkaratusi, kafuri na mentholi, kisha wakapima jinsi hewa inavyopita puani. Wengi walisema wanavuta hewa vizuri zaidi, ilhali vipimo vilionyesha kwamba njia ya hewa haikupanuka hata kidogo. Sineoli, kemikali inayoupa mkaratusi harufu yake, huamsha neva zinazohisi baridi, na ubongo huuchukua ubaridi huo kuwa hewa nyingi. Mtu mzima mwenye mafua ya kawaida hapati hasara kwa kudanganyika hivyo, maana mafua huisha yenyewe. Kwa mtoto mwenye nimonia ni jambo jingine kabisa: kila saa anayofukizwa ni saa aliyocheleweshewa antibiotiki.

Kipimo cha kuaminika kipo, nacho hakihitaji fedha. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, fungua nguo kifuani na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Ngozi ya chini ya mbavu ikivutwa ndani kila anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea au akipata degedege, asisubiri hata kupambazuke. Homa nayo, hata ikiambatana na kikohozi, inaweza kuwa malaria, ugonjwa ambao Burundi ilitangaza kuwa janga mwezi Machi 2017. Malaria hugunduliwa kwa kupima damu, na jasho la chini ya blanketi haliwezi kuitoa mwilini. Wapo wanaosema kituo kina gharama, nasi tunajua kwamba foleni ni ndefu na dawa wakati mwingine hukosekana. Lakini tangu mwaka 2006 matibabu ya watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma ni bure kwa tamko la serikali, na haki hiyo ni ya kila mtoto wa Kinama.

Pingamizi linalosikika zaidi ni la wazee: sisi tulifukizwa na tukapona. Ni kweli walipona, na heshima yao iko palepale. Ila wanaosimulia ni waliobaki. Mtoto aliyefariki kwa nimonia hayupo barazani kutoa ushahidi wake. Wengine hukumbusha kwamba mwaka 2020 Rais John Magufuli wa Tanzania aliwahimiza wananchi wajifukize dhidi ya korona. Himizo la kiongozi, hata likitolewa kwa nia njema, halichukui nafasi ya utafiti, na hakuna utafiti uliothibitisha kwamba mvuke unaua kirusi hicho. Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Ujerumani, ambako sineoli iliyosafishwa huuzwa kama dawa na imejaribiwa kwa watu wazima wenye uvimbe wa sinasi. Hiyo, hata hivyo, ni kapsuli yenye miligramu 200 zilizopimwa. Sufuria ya majani haina kipimo, wala haijulikani ni ya mkaratusi wa aina gani, maana aina ni mamia na kemikali zake hutofautiana.

Tukija kwenye kujifukiza kwenyewe, kinachojeruhi zaidi ni maji ya moto. Blanketi likinaswa au mtoto akishtuka, sufuria humwagika mapajani, na ngozi ya mtoto huungua kwa muda mfupi kuliko ya mtu mzima. Kwa hiyo mtoto asifukizwe kabisa. Mtu mzima aipue sufuria, aiweke mezani mahali isipoyumba, asubiri mvuke mkali upungue, akae bila kujifunika blanketi, na mbabula yenye makaa ibaki nje, kwa sababu hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila kutoa harufu. Mwenye pumu au kifafa aache. Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20; usipake dawa ya meno wala mafuta.

Hatari kubwa kuliko zote imo katika chupa ndogo ya mafuta ya mkaratusi, ambayo ni sineoli nyingi iliyokusanywa mahali pamoja. Mafuta haya hayanywewi, hata kwa tone moja ndani ya chai. Usimpake mtoto mdogo puani, mdomoni wala kifuani. Mtu mzima anayetaka kujichua achanganye matone 2 katika kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, na chupa aifungie mahali pa juu. Kijiko kidogo kimoja cha mafuta ya mkaratusi kikinywewa na mtoto kinaweza kumtia degedege na kumzimisha fahamu, pengine ndani ya nusu saa. Akinywa, usimtapishe, kwani mafuta yakiingia mapafuni yatayaunguza. Usimpe maziwa wala mafuta ya mawese. Mbebe moja kwa moja hospitalini, Kamenge au popote palipo karibu, na uichukue ile chupa ili daktari aone kilichomo na kiasi kilichopungua.